Ua mdogo ulio imara: Jinsi ya kupanga boma na makao ya mbwa Kitengela na Kajiado

MKAZI wa Kitengela anayefuga mbwa hujenga ua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kumzuia mbwa asitoke akauma mpita njia, akagongwa na gari katika barabara ya Namanga au akafukuza mbuzi wa jirani. Ya pili ni kukizuia kilicho nje kisiingie. Katika mitaa mingi ya Nairobi, kilicho nje ni mwizi. Katika nyanda za Athi-Kaputiei kinaweza pia kuwa fisi, chui au simba.

Wengi hujaribu kutimiza haja hizo mbili kwa kuzungushia shamba lote waya mwepesi, kisha usiku mbwa akaachwa kwenye mnyororo kando ya lango. Mpango huo una kasoro kubwa. Waya mwepesi haumzuii mnyama mwindaji aliyedhamiria kuingia, na mbwa aliyefungwa hawezi kupigana wala kukimbia. Aidha, ua mrefu katika shamba wazi hufunga njia za wanyamapori na mifugo, jambo linaloweza kumwingiza mwenye shamba katika mgogoro na majirani na hata na sheria.

Njia iliyo salama zaidi, na mara nyingi ya gharama nafuu, ni kujenga ua mdogo ulio imara kuizunguka nyumba, na ndani yake uga wa mbwa wenye banda linalofungwa usiku.

Mji uliopakana na mbuga

Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ilitangazwa rasmi mwaka 1946 na ina ukubwa wa kilomita mraba 117. Imezungushiwa ua pande za kaskazini, mashariki na magharibi. Upande wa kusini, ambako mto Mbagathi, au Empakasi, ndio mpaka, uliachwa wazi ili nyumbu na pundamilia wapate kutoka msimu wa mvua na kulisha katika nyanda za Kitengela. Wanyama wawindaji huwafuata.

Nyanda hizo zimebadilika mno. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo mashamba yamezidi kukatwa vipande vipande, mengine hadi ploti za futi 50 kwa 100. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kajiado. Ile ya 2019 ilihesabu 1,117,840. Nyumbu wa Athi-Kaputiei, ambao walizidi 25,000 mwishoni mwa miaka ya 1970, walikuwa wamepungua hadi chini ya 3,000 kufikia 2014. Mawindo yanapopungua na nyua kuongezeka, mifugo na mbwa wa nyumbani huwa chakula kilicho karibu.

Madhara yake yameonekana. Juni 2012 wakazi waliwaua simba sita karibu na Kitengela baada ya mifugo kushambuliwa. Machi 2016 simba dume aliyejulikana kwa jina Mohawk alipigwa risasi na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) huko Isinya, baada ya kumjeruhi mtu mmoja mbele ya umati uliokuwa umemzingira. Februari 2024 mwanafunzi wa chuo kikuu aliuawa na fisi eneo la Ongata Rongai. Aprili 2025 msichana wa miaka 14 aliuawa na simba katika makazi yaliyo kwenye ranchi inayopakana na mbuga.

Katika mazingira kama hayo, ua wa nyumbani si pambo. Huamua kama familia italala salama na, mara nyingine, kama mnyama wa porini ataishi.

Pima kabla ya kununua

Hatua ya kwanza haihusu waya bali mpaka. Mwenye ploti anapaswa kuwa na hatimiliki pamoja na ramani ya shamba, na kumwita mpimaji ardhi aliyesajiliwa azionyeshe bikoni zote. Ni kosa kisheria kung'oa au kusogeza bikoni. Ua uliojengwa nusu mita ndani ya ardhi ya jirani au juu ya njia ya umma hatimaye hubomolewa, na gharama yote hupotea.

Kisha hufuata hesabu. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina mzunguko wa futi 300, yaani kama mita 91. Wavu wa chenilinki huuzwa kwa roli, na roli ya kawaida ina urefu wa mita 18. Baada ya kutoa nafasi ya lango, roli tano zinatosha. Nguzo zikiwekwa kila mita mbili na nusu, zitahitajika kama 37. Kwa ploti ya ukubwa huo mjini, ni jambo la busara kujenga ua kwenye mpaka wenyewe.

Hali ni tofauti kwa mwenye ekari tano kuelekea Isinya au Kipeto. Shamba la mraba la ekari tano lina mzunguko wa takriban mita 570. Hizo ni roli 32 na nguzo karibu 230. Akizungushia ua eneo la nyumba pekee, tuseme mita 30 kwa 40, mzunguko ni mita 140: roli nane na nguzo 56. Kwa robo ya vifaa atapata ua anaoweza kuufanya imara kweli, na sehemu iliyobaki ya shamba itaendelea kupitisha ng'ombe, pundamilia na maji ya mvua.

Udongo mweusi

Sehemu kubwa ya Kitengela ina udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba huufanya uvimbe. Kiangazi huufanya unywee na kupasuka nyufa zinazoweza kumeza mguu wa mbuzi. Nguzo iliyochimbiwa futi moja tu katika udongo huo huinama kabla ya mwaka kwisha, nao wavu hulegea na kuacha mwanya chini.

Shimo la nguzo lisipungue sentimita 60, na panapowezekana lifike kwenye changarawe ngumu. Sehemu ya chini ipanuliwe kidogo kuliko ya juu ili zege ishike na isisukumwe juu udongo unapovimba. Nguzo za pembeni na za lango, ambazo hubeba mvuto wote wa waya, ziwe nene zaidi na ziegemezwe kwa nguzo za mshazari.

Nguzo za saruji hazioti kutu wala haziliwi na mchwa. Za mbao ziwe zimetiwa dawa, kwani mchwa wa nyanda hizi hawakawii. Katika eneo la Amboseli, maboma mengi ya mifugo yaliyoimarishwa dhidi ya simba yamejengwa kwa wavu wa chenilinki na nguzo za plastiki iliyosindikwa upya, kwa sababu iyo hiyo.

Ukuta, wavu au miti?

Ukuta wa mawe huzuia macho ya mwizi na hupunguza kubweka, maana mbwa haoni kila anayepita. Hata hivyo unahitaji msingi wa kina katika udongo mweusi, la sivyo utapasuka. Ardhi ya Kitengela ni tambarare na maji ya mvua hutuama. Ukuta usio na matundu ya kupitishia maji hugeuza uwanja kuwa bwawa. Matundu hayo yazibwe kwa wavu wa chuma ili wanyama wadogo wasipite.

Wavu wa chenilinki ndio unaotumiwa na wengi. Mnunuzi azingatie unene wa waya, unaopimwa kwa geji. Kadiri namba ya geji inavyokuwa kubwa ndivyo waya unavyokuwa mwembamba. Geji 16 hufaa kutenga bustani ya mboga. Kwa ua wa kuzuia mbwa mkubwa au fisi, ni heri geji 12.5 au nene zaidi. Urefu usipungue futi sita, na waya wa kukaza upitishwe juu, katikati na chini.

Seng'enge pekee, hata ikiwa na nyuzi sita, haimzuii mbwa. Yeye hupenya kati ya nyuzi, na miiba humchana. Seng'enge iwekwe juu ya wavu, upande wa nje, kumzuia anayetaka kupanda.

Ua wa umeme hufanya kazi nzuri iwapo utatunzwa. Tatizo lake hapa ni kiangazi: udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo ua hupoteza makali wakati unapohitajika. Fundi achomeke vyuma kadhaa vya ardhini badala ya kimoja, avifikishe penye unyevu, na nyasi zikatwe zisiguse waya. Mabango ya onyo yabandikwe, hasa penye watoto.

Ua wa miti haujapitwa na wakati. Kayaba yenye miiba hufunga kabisa ikipogolewa, ingawa huchukua miaka kadhaa na huhitaji maji mwanzoni. Huko Simanjiro, Tanzania, shirika la African People & Wildlife limesaidia wafugaji kujenga "kuta hai", ambapo miti ya jamii ya Commiphora hupandwa iwe nguzo na wavu wa chenilinki ukafungwa juu yake. Miti inapokua, ua huzidi kuimarika.

Chini ya ua

Nyua nyingi hushindwa chini, si juu. Mbwa huchimba ili atoke. Fisi huchimba au hujipenyeza ili aingie. Dawa yake ni kulaza kipande cha wavu cha sentimita 60 ardhini, kikiwa kimefungwa kwenye sehemu ya chini ya ua, na kukifunika kwa mawe na udongo. Kikilazwa kuelekea ndani humzuia mbwa. Kikilazwa kuelekea nje humzuia mvamizi. Anayechimba huanzia palipo na ua, hukutana na wavu na hukata tamaa.

Njia nyingine ni ukanda wa zege wenye kina cha sentimita 30 chini ya wavu. Katika udongo mweusi ukanda huo utiwe nondo, vinginevyo utakatika.

Mwanya chini ya lango usizidi sentimita tano. Malango yenyewe yawe mawili panapowezekana: la nje la gari, na la ndani linalotenga uwanja wa mbwa. Gari linapoingia, mbwa huwa bado nyuma ya lango la pili. Mbwa wengi wanaopotea hutoroka katika dakika ile moja ya kufungua lango. Na bango la "Mbwa Kali" halisomwi na mtoto wa miaka minne, wala halimwondolei mwenye mbwa wajibu wake.

Uga na banda la mbwa

Uga wa mbwa ni eneo dogo lililozungushiwa wavu ndani ya boma, ambamo mbwa anaweza kutembea bila mnyororo. Kwa mbwa wawili wakubwa, mita tatu kwa sita ni kipimo kizuri. Mzunguko wake ni mita 18, sawasawa na roli moja ya wavu wa futi sita.

Roli ya pili hutumika juu na chini. Theluthi moja ya paa ifunikwe kwa mabati, mahali penye banda. Sehemu iliyobaki ifunikwe kwa wavu, ambao utachukua kama mita saba. Mita sita nyingine zikatwe vipande kumi vya sentimita 60, kila kimoja kikiwa na urefu wa futi sita, na vilazwe ardhini kuzunguka uga wote. Roli mbili basi hukamilisha kazi.

Paa hilo lisiachwe kwa kubana matumizi. Chui ni mpandaji hodari, na uga ulio wazi juu humfungia mbwa mahali asipoweza kukwepa. Kwa sababu iyo hiyo, uga usijengwe chini ya mti wenye matawi yanayoinamia ndani.

Sakafu ya saruji iwe na mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita ili maji yatiririke. Ilainishwe bila nyufa, kwani kupe hutaga mayai nyufani. Nusu ya uga inaweza kuachwa kuwa changarawe, mbwa apate mahali pa kulala pasipounguza tumbo.

Upepo wa nyanda hizi huvuma zaidi kutoka mashariki. Mgongo wa banda uelekee huko, na mlango uelekee upande mwingine. Kitanda cha mbao kiinuliwe sentimita 15 kutoka sakafuni kwa ajili ya baridi ya Juni hadi Agosti. Mabati huchemka adhuhuri. Nafasi ya hewa chini ya paa na rangi nyeupe juu yake hupunguza joto. Maji safi yawepo daima, katika chombo kizito kisichopinduka.

Uga uwe karibu na nyumba, mahali mwenye nyumba atakaposikia mbwa akibweka na kuona kinachotokea akiwa dirishani. Mbwa ni kengele, hapaswi kuwa chambo. Kazi yake ni kuamsha watu, nayo ataifanya vyema akiwa nyuma ya wavu imara.

Mwanga husaidia. Richard Turere, aliyekulia mpakani mwa mbuga huko Kitengela, alitambua akiwa mvulana kwamba simba waliogopa mwanga unaotembea. Kwa paneli ya sola, betri ya gari na kifaa cha kumetesha taa za pikipiki, alibuni taa zinazowaka kwa zamu kuzunguka zizi la babake. Alieleza uvumbuzi huo katika mkutano wa TED nchini Marekani mwaka 2013, na taa za aina hiyo zimeenea katika maboma mengi. Hata hivyo taa huongezea ua nguvu. Haziwezi kuwa badala yake.

Afya ndani na nje ya ua

Ua mzuri ni chombo cha afya. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa aliyepatikana viungani mwa Nairobi, na kingali kinaua. Mpango wa kitaifa ulioanza 2014 unalenga kukomesha vifo vya binadamu kutokana na ugonjwa huo kufikia 2030, kwa kuwachanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Mtoto wa mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini mara moja.

Mbwa anayezurura machinjioni hula matumbo mabichi yenye vifuko vya minyoo aina ya tegu, ambayo husababisha kwa binadamu uvimbe wenye maji kwenye ini na mapafu. Ugonjwa huo unajulikana miongoni mwa jamii za wafugaji, Kajiado ikiwemo. Mbwa apewe nyama iliyopikwa na dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Kinyesi kizikwe mbali na kisima.

Wanyamapori nao huathirika. Mwaka 1994 virusi vya distempa viliwaua takriban simba 1,000 katika Serengeti, karibu theluthi ya simba wote wa huko, na mbwa wa vijiji vya karibu walidhaniwa kuwa chanzo. Mbwa aliyechanjwa na kukaa ndani ya ua hawezi kuwa kiungo katika mnyororo huo.

Sheria yasemavyo

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti wanyama, ikiwemo kutoa leseni za mbwa. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka ujenzi upate idhini ya kaunti. Kwa hiyo, kabla ya kuanza ukuta, mwenye ploti aulize katika ofisi ya mipango ni idhini ipi inayohitajika kwa aina ya ua anaotaka.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inaweka fidia ya Sh5 milioni kwa kifo cha binadamu kilichosababishwa na wanyama waliotajwa humo, Sh3 milioni kwa jeraha la kudumu na hadi Sh2 milioni kwa majeraha mengine. Kwa upande wa mifugo na mali, fidia hailipwi ikiwa mwenyewe hakuchukua hatua za kutosha kujikinga. Vilevile hailipwi ikiwa matumizi yake ya ardhi yanapingana na mpango wa usimamizi wa mazingira ya eneo hilo.

Masharti hayo mawili yakisomwa pamoja, yanalingana na ushauri wa mafundi. Asiyejenga ua amejiweka hatarini, naye anayefungia njia za wanyama kwa maili ya waya amejiweka hatarini pia. Aliye salama ni yule aliyejenga ua imara mahali panapostahili.

Kagua kila wiki

Ua hauishi kwa kujengwa. Kila wiki mwenye boma auzunguke kwa miguu, atazame chini kwanza: udongo uliofukuliwa, waya uliolegea, nguzo iliyoinama baada ya mvua. Kila jioni mbwa wahesabiwe na mlango wa uga ukazwe kwa komeo ambalo pua ya mbwa haiwezi kuinua.

Mnyama mwindaji akionekana karibu na makazi, watu na mbwa waingie ndani na KWS ijulishwe. Umati usikusanyike. Kisa cha Isinya cha 2016 kilionyesha jinsi umati unavyoweza kugeuza mnyama aliyepotea njia kuwa hatari kwa kila mtu, na hatimaye kwake mwenyewe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kitengela, ufa wenyewe mara nyingi ni mwanya wa kiganja kimoja chini ya wavu, na kuuziba ni kazi ya nusu saa.